Kidani Kisichouzwa: Bei, Kima na Thamani

Bei, kima na thamani ni maneno ya sokoni, yote yenye asili ya Kiarabu, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni mamoja. Katika Kiarabu bei ni tendo lenyewe la kuuza. Thamani ni malipo yatolewayo. Kima ndicho kilichobeba ubora wa kitu. Kiswahili kikayapindua hayo mawili ya mwisho: kima kikashuka kuwa kiasi, kama katika kima cha chini cha mshahara, na thamani ikapanda pasipofikiwa na mizani.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa tungo mbili kuu za visiwa vya Lamu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauzungusha moyo wake katika majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu. Hakani kwamba pambo lile lilikuwa na bei, tena kubwa. Anachobainisha ni kuwa bei huishi kwa pumzi ya mwenye kununua. Wenyewe wakisha kuondoka, popo huingia, na hesabu hufungwa.

Mwana Kupona binti Msham naye, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, anachukua lugha ile ile ya vito na kuigeuza. Utendi anaomwandikia bintiye anauita hirizi, na kidani cha lulu na marijani. Wasomaji wengi huusoma kama orodha ya wajibu wa mke, wakaukubali au wakaukataa kwa hilo tu, na kidani kikasahaulika. Ilhali kidani ndicho hoja. Mirathi ikigawanywa hupungua. Maneno ya mama yakigawanywa huzidi. Hata asiyeridhia mafunzo yake ya ndoa hana budi kujibu swali analoliacha: mzazi ampe mwanawe nini kisichoweza kunadiwa?

Jibu lake linawahusu pia wanaozihifadhi tungo hizi. Hati ya kale ikiuzwa, mnunuzi hulipa bei ya karatasi na umri wake, na huenda asiambulie hata ubeti mmoja. Kuihifadhi hati ni wajibu, lakini ni nusu ya kazi. Kidani hakikufumwa kiwekwe sandukuni. Thamani ya utendi iko kwa aujuaye kwa ghibu, akamfundisha mwingine.