Heko kwa Fundi Waya wa Nakuru

Mwendeshaji bodaboda wa Molo akibonyeza stata alfajiri, baridi ikiwa bado imeshika, asikie "tik" tu, wazo lake la kwanza ni kununua betri mpya. Fundi waya wa jua kali kule Nakuru mjini hana pupa hiyo, na kwa hilo nampa heko.

Huanza na mita. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6. Pikipiki hupigwa kiki, mafuta huvutwa, na macho hubaki kwenye namba. Ikipanda hadi 14 hivi, chaji ipo. Tatizo litafutwe kwenye relei, brashi za stata, au waya wa ethi ulioota kutu chini ya boliti. Ikibaki 12, shaka huhamia kwa koili za chaji au rektifaya. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuudhibiti umeme: betri mpya nayo ingechemshwa hadi ife kama ile ya zamani. Hapo mteja ameokolewa pesa zake.

Wapo wanaosuka upya koili iliyoungua, mzunguko kwa mzunguko wa waya wa shaba. Kazi ya macho na subira, na malipo yake ni madogo mno, kwa maoni yangu.

Halafu kuna zile taa za mapambo na redio, zilizounganishwa kwa selotepu. Mimi nazishuku kuliko baridi ya Molo. Fundi mzuri huzichomoa kabla ya kupima chochote, mwenye pikipiki anung'unike apendavyo.