Bhalo Alipopotea Kwenye Spika za Boda

"Fundi, hii memori kadi haimtaki Bhalo." Ndivyo mwendesha boda mmoja wa Kibokoni, Mombasa, alivyolieleza tatizo lake, na kwa namna mambo yalivyojionyesha hakuwa anatania. MP3 yake ndogo ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa oksi na amplifaya iliyofungwa chini ya kiti cha pikipiki yake ya Boxer, spika mbili zikiwa juu ya usukani. Akiweka Bongo Fleva, vinanda na mwangwi vilisikika, besi ilikuwa imekatika, na mwimbaji alikuwa mbali, karibu hayupo. Akiweka Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab ya zamani, spika zilinyamaza, zikabaki na mchakacho hafifu wa kanda tu. Lakini akichomeka MP3 kwenye chaji ya pikipiki, Bhalo alirudi na sauti yake yote, na nyuma yake ukaja mlio mwembamba uliopanda kila alipoongeza mafuta.

Alikuwa ameshanunua kadi nyingine. Alikuwa ameshaambiwa pia na fundi wa simu kwamba betri ya MP3 imekufa, kwa hoja iliyoonekana nzuri: mbona ikipata chaji inaimba? Hoja zote mbili zina mantiki na zote mbili si kweli. Dalili hizi tatu, mwimbaji kufifia, wimbo wa zamani kupotea kabisa na chaji kuurudisha pamoja na kelele, zinatoka mahali pamoja, na anayejua waya wa oksi unavyofanya kazi angeweza kulitaja kosa kabla ya kushika bisibisi.

Jeki ya oksi ina sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba ya kulia, na shina ndiyo negetivu inayotumiwa na pande zote mbili. Sauti ya kushoto huingia kwenye amplifaya kupitia ncha na kurudi kupitia shina; ya kulia huingia kwa pete na kurudi kwa shina lile lile. Sasa shina likikatika, sauti haipotei kwa usawa kama wengi wanavyodhani. Mkondo wa kushoto, ukikosa njia ya kurudi, hujipenyeza kupitia mlango wa kulia, na wa kulia hupitia wa kushoto. Kinachofika kwenye spika ni tofauti tu kati ya pande mbili. Ni mizani ya soko la Marikiti: ukiweka uzito sawa huku na huku, mshale hausogei.

Katika studio za leo, mwimbaji huwekwa katikati, yaani sauti yake hupelekwa kushoto na kulia kwa kiwango kimoja. Besi na ngoma kubwa huwekwa hapo hapo. Vinanda, magitaa, vibwagizo na mwangwi ndivyo vinavyotawanywa pembeni. Kwa hiyo shina likikatika, mwimbaji na besi hujifuta wenyewe na vya pembeni vikabaki. Fundi yeyote wa redio aliyewahi kusikia wimbo unaopiga bila mwenyewe kuimba anapaswa kufikiria negetivu ya oksi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.

Na Bhalo? Hapa ndipo Mombasa inapoingia katika hesabu. Sehemu kubwa ya taarab ya zamani ya mji huu, ile ya santuri ndogo na baadaye kanda zilizouzwa na maduka kama Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale, ilirekodiwa kwa mono, yaani mkondo mmoja tu wa sauti, mara nyingi harusini, kwa maikrofoni chache. Kanda hizo zilipohamishiwa kwenye kompyuta na kugeuzwa faili za MP3, pande za kushoto na kulia zilibeba kitu kimoja. Tofauti kati ya vitu viwili vilivyo sawa ni sifuri. Kilichobaki ni mchakacho wa utepe, kwa sababu mchakacho huo haufanani kabisa katika pande mbili. Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, anaendelea kuimba ndani ya MP3 bila kasoro yoyote. Ni waya unaomfuta njiani. Mwenye kusikiliza nyimbo mpya peke yake angeweza kuendesha kwa miezi akidhani spika zake ni duni. Mpenzi wa taarab ndiye anayegundua mapema, na kwa maoni yangu wimbo wa mono ni kipimo kizuri kuliko vingi vinavyouzwa.

Kuthibitisha haya hakuhitaji vifaa. Chomoa oksi kwenye MP3, weka hedifoni, cheza Bhalo. Akisikika vizuri masikio yote mawili, kadi ni nzima, faili ni nzima, MP3 ni nzima, na tundu lake nalo ni zima. Kisha washa redio ya FM iliyomo ndani ya amplifaya ile ile. Ikisikika sawasawa, amplifaya na spika nazo zimeachiwa huru. Waliobaki kwenye orodha ya washukiwa ni waya wa oksi na tundu la kuingizia sauti kwenye amplifaya. Kwa boda huyu hedifoni zilitoa Bhalo safi na FM ilinguruma bila taabu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyomaliza ubishi: wimbo ukiendelea, usukani uligeuzwa polepole hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia. Ulipofika kulia kabisa, Bhalo alitokeza kwa nukta chache kisha akazama tena. Waya ulikuwa umepitishwa kwenye shingo ya pikipiki bila kuachiwa ulegevu, umebanwa kwa zipu, kwa hiyo kila kona iliuvuta mahali pale pale. Anayefanya kazi kati ya Ndia Kuu na vichochoro vya Kibokoni hukata kona kali siku nzima, pembeni kuna mkokoteni, mbele kuna wageni wanaopiga picha milango. Waya wa ndani ni nyuzi za shaba nyembamba mno. Hukatika ndani huku ngozi ya nje ikiwa haina alama.

Chumvi ya bahari ikamalizia. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, na unyevu wake hupenya hadi ndani ya mpira wa jeki. Jeki ilipopasuliwa, shaba ya shina ilikuwa na ukoko wa kijani. Mita ilipowekwa kwenye kipimo cha kupiga mlio, shina la upande mmoja hadi shina la upande wa pili lilikaa kimya, huku ncha na pete zikilia vizuri. Hapo hakukuwa na haja ya kukisia tena.

Kuna kosa jingine linalotoa dalili hizo hizo, nalo ni la kutumia waya wenye jeki ya sehemu nne, ile ya hedifoni za simu zenye maikrofoni, kwenye tundu la sehemu tatu. Katika jeki nyingi za namna hiyo shina ni la maikrofoni, na negetivu iko kwenye pete ya pili, kwa hiyo tundu linakosa negetivu ingawa waya ni mpya. Ukiivuta jeki nje kidogo na sauti ikarudi, usitafute zaidi.

Sasa lile fumbo la chaji, ambalo lilimpoteza fundi wa simu. MP3 inapotumia betri yake yenyewe, haigusani na umeme wa pikipiki popote isipokuwa kupitia oksi. Shina likikatika, haina negetivu. Ukiichomeka kwenye chaji ya USB, negetivu ya chaji imeungana na bodi ya pikipiki, na bodi imeungana na negetivu ya amplifaya. Njia ya kurudi imepatikana, ingawa ni ya kuzunguka: kutoka kwenye amplifaya, kupitia bodi, hadi kwenye chaji, hadi ndani ya MP3. Bhalo anarudi. Betri haikuhusika hata kidogo.

Lakini njia hiyo ya kuzunguka si tupu. Chaji ilikuwa imechukua negetivu yake kwenye skrubu ya taa ya mbele, wakati amplifaya ilichukua yake kwenye betri. Kati ya sehemu hizo mbili mkondo unapita kwenye waya mwembamba wa taa, na sehemu nyingine unapita kwenye shingo yenye grisi na kutu. Mkondo wa taa na wa chaji ukipita kwenye njia yenye ukinzani, huacha tofauti ndogo ya volti kati ya ncha mbili. Sauti inayotoka kwenye MP3 haifiki volti moja. Sehemu chache za elfu za volti, zikiongezwa juu yake, husikika waziwazi amplifaya inapozikuza. Na kwa kuwa umeme wa pikipiki hutoka kwenye magneti inayozunguka na injini, kelele hupanda na kushuka pamoja na injini. Chukua rota yenye ncha 8 za sumaku: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, umeme hupanda na kushuka mara 200 kwa sekunde, na rektifaya ikikunja pande zote mbili unapata mawimbi 400 kwa sekunde. Hiyo ni noti ya katikati kabisa, pale pale sauti ya mwimbaji ilipo. Haishangazi kwamba inaudhi.

Ndiyo maana kubadilisha waya wa oksi kulitibu ugonjwa wa kwanza na kuacha wa pili. Kwa waya mpya, MP3 ikiwa haijachomekwa kwenye chaji, Bhalo alisikika kamili na kimya nyuma yake. Chaji ilipochomekwa, mlio ulirudi, safari hii kwa sababu ya kinyume: negetivu sasa zilikuwa mbili, moja ya oksi na nyingine ya chaji, na kelele ya bodi ilikuwa inapita kwenye shina la oksi.

Dawa yake ni ya waya, na ni rahisi. Negetivu ya chaji ing'olewe kwenye taa na ipelekwe moja kwa moja hadi pale negetivu ya amplifaya ilipofungwa kwenye betri, skrubu moja, baada ya kusugua hadi chuma king'ae. Pozitivu nazo zitoke betrini. Kwa pikipiki hii mlio ulishuka hadi usisikike ukiwa barabarani. Injini ikiwa katika sailensa na wimbo ukiwa umesimama, ukitega sikio bado unaukuta. Asiyeridhika ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchajia MP3 nyumbani au kwa pawabenki. Ya pili ni kile kiboksi cha kutenganisha negetivu kinachowekwa katikati ya oksi, ambacho ndani yake kina transfoma mbili ndogo. Kinafanya kazi, ila cha bei ya chini hula besi, na mtu aliyefunga spika ili asikie besi atakuwa amelipa ili aipoteze.

Bluetooth inasifiwa sana kama mwisho wa taabu hizi. Inaondoa waya kati ya simu na amplifaya, kweli. Lakini kipokezi cha Bluetooth kikichomekwa kwenye chaji ile ile na kuunganishwa kwa oksi, mzunguko wa negetivu umerudi kama ulivyokuwa.

Mlio ukiwa wa kugonga, tik-tik-tik unaofuatana na injini hata MP3 ikiwa imechomolewa, hiyo ni cheche ya plagi. Tazama kama namba ya plagi ina herufi R inapostahili. Kwa plagi za NGK herufi hiyo inaonyesha plagi yenye rezista ndani, ya takriban om 5,000, inayopunguza mawimbi ya redio yanayotoka kwenye cheche. Wengi wanaponunua plagi kwa haraka huiacha herufi hiyo dukani.

Kuhusu kadi, niseme machache kwa kuwa ndiyo inayolaumiwa kila mara. Kadi zaidi ya gigabaiti 32 huuzwa zikiwa na mfumo wa exFAT, na MP3 nyingi za bei nafuu husoma FAT32 tu. Hapo utaambiwa hakuna faili hata kama zimejaa. Kadi bandia huandikwa ukubwa isio nao, na nyimbo zilizoingizwa mwisho huharibika. Katika hali zote hizo wimbo haufunguki au unakatika katikati. Hakuna kadi duniani inayomtoa mwimbaji na kuacha kinanda.

Anayefunga mfumo upya aache kitanzi cha ulegevu cha waya kwenye shingo ya pikipiki, ageuze usukani pande zote mbili kabla ya kukaza zipu, na apake grisi kidogo ya umeme kwenye viungo vilivyo wazi kwa hewa ya bahari. Na kwenye pozitivu ya amplifaya, karibu kabisa na betri, aweke fyuzi. Amplifaya inayokula wati 20 kwa volti 12 haitaki hata ampea 2, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 inatosha. Boda ya huyu wa Kibokoni haikuwa nayo, na waya wa pozitivu ulikuwa unasuguana na fremu chini ya tangi la petroli.