Zamu na Bei: Juu ya Sura ya Kwanza ya Kitabu cha Michael Sandel

Michael Sandel, mwalimu wa falsafa ya siasa katika Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa mwaka 2012 kitabu kiitwacho What Money Can't Buy, na sura yake ya kwanza yahusu watu wanaolipa ili wasingoje zamu. Sura hiyo imesomwa sana, na yastahili kusomwa. Yapita kwa wepesi kutoka viwanja vya ndege hadi barabara kuu za magari. Kutoka milango ya Bunge la Marekani, ambako watu wasio na makao hulipwa wasimame foleni kwa niaba ya wale wanaotafuta kuwashawishi wabunge, hadi hospitali za Beijing, ambako walanguzi hununua tikiti za kumwona daktari na kuziuza tena kwa bei ya juu. Bustani za burudani, zile zenye vigari vipandavyo na kuporomoka juu ya reli, zimepewa humo nafasi ndogo, kana kwamba ni mfano mwepesi wa kumtia msomaji njiani kabla ya mambo mazito. Huo ndio upungufu wa sura yenyewe, maana mfano ulioachwa upesi ndio uliokuwa na nguvu kuliko yote.

Hoja ya Sandel ina matawi mawili. La kwanza ni la haki: mwenye fedha humtangulia asiyekuwa nazo, na mara nyingi maskini hakuchagua umaskini wake. La pili ni la uharibifu: kuna vitu ambavyo vikitiwa bei hupungukiwa na ule uthamani uliovifanya vitakiwe. Tikiti za tamthilia za Shakespeare, zitolewazo bure kila majira ya joto katika bustani kuu ya New York, zikiuzwa na walanguzi hugeuka kuwa kitu kingine, ingawa waigizaji ni walewale na maneno ni yaleyale. Wachumi humjibu kwamba muuzaji na mnunuzi wakiridhiana hapana aliyedhulumiwa, na fedha humpeleka mtu mbele kwa kadiri ya haja yake. Sandel awajibu vema: aliyesimama tangu alfajiri huenda ana haja kubwa kuliko aliyelipa, na mfuko si kipimo cha haja. Afikapo kwenye bustani za burudani aona jambo moja la maana sana, kwamba wamiliki wengi huwapitisha wateja wao wa fedha kwa mlango wa nyuma au lango la pembeni, kama watu wanaoona haya. Kisha aondoka. Jicho lake laona sawasawa, ila halikukawia.

Laiti angalikawia, angalikutana na historia ambayo haimo katika mifano yake mingine. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na katika mwaka huohuo wageni wakaanza kuuziwa vitabu vya kuponi. Kila chombo cha kupanda kilikuwa na daraja lake, kuanzia herufi A kwa vyombo vidogo. Mwaka 1959 ikaongezwa herufi E kwa vyombo vilivyopendwa kupita vyote. Mtu asidhani, basi, kwamba zamani fedha haikuwa na sauti bustanini. Ilikuwa nayo, tena kubwa. Asiyekuwa na kuponi ya E alitazama kwa mbali. Lakini bei ilikuwa ya chombo, wala si ya mahali pa kusimama: mwenye kuponi moja ya E na mwenye kumi walifuatana kama walivyofika. Mwaka 1982 kuponi ziliondolewa, kukawa na kiingilio kimoja kwa vyombo vyote. Tangu hapo kazi yote ya kuamua nani apande na nani asubiri iliachiwa foleni, na foleni, kama ilivyotarajiwa, zikarefuka.

Mwaka 1999 ndipo ilipoanza FastPass. Mgeni alitia tikiti yake ya kuingilia katika mashine iliyosimama karibu na chombo, akapewa kikaratasi kinachomwambia arudi katika muda fulani wa saa moja. Akirudi, alipita njia yake mwenyewe na kuwapita waliosimama. Hakulipa senti. Kila mwenye tikiti aliweza kukichukua, na aghalabu hakuweza kupata cha pili mpaka muda uliowekwa upite. Kwa mtazamo wa Sandel hapo hapana la kulaumu, maana hapana fedha iliyobadilisha mikono. Walakini jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutendeka, na bila ya hilo mauzo yaliyofuata yasingaliwezekana.

Hesabu yake si ngumu. Chombo kiwezacho kubeba watu 1,000 kwa saa hakiongezewi kiti hata kimoja na kikaratasi. Viti 700 vikiwekewa wenye vikaratasi, vitabaki 300 kwa wengine wote. Na aliye nyuma ya watu 600 katika mstari wa kawaida, ambaye angalifika kwa dakika 36, sasa atafika kwa saa 2. Mtetezi wa mpango huu atasema kwamba hao 700 wangalikuwa mstarini pia, na mstari ungalikuwa mrefu zaidi; kwa hiyo hasara na faida zimelingana. Jibu hilo lingalitosha kama mwenye kikaratasi angaliketi chini ya mti akingoja saa yake. Haketi. Aenda kusimama katika foleni ya chombo cha pili, na kwa njia hiyo ana zamu mbili kwa wakati mmoja ilhali mwili wake ni mmoja. Hapo zamani mwili ndio uliokuwa kipimo. Tajiri na maskini kila mmoja alikuwa na miguu miwili, na miguu hiyo iliweza kusimama mahali pamoja tu. FastPass ilitenga zamu na mwili. Tangu siku hiyo zamu ikawa kitu kiwezacho kuandikwa, kuhifadhiwa, kuhesabiwa, na kwa hiyo kuuzwa.

Katika Kiswahili maneno mawili yasaidia kuona jambo ambalo lugha ya Sandel haikumwonyesha kwa wepesi. Foleni ni umbo: ni watu waliopangana, na neno lenyewe husemwa kuwa limetokana na amri ya askari wa Kiingereza. Zamu ni haki: ni ile nafasi ambayo kila mtu anajua kuwa itamfikia kwa utaratibu, iwe kisimani, iwe dukani, iwe katika ulinzi wa usiku. Sandel asema juu ya maadili ya foleni na maadili ya soko kama kwamba ni watani wawili wanaoshindana uwanjani. Lakini foleni yaweza kubaki pale pale, ndefu na ya utulivu, na zamu ikawa imekwisha kuondolewa ndani yake. Watu wamesimama, ila kufika mbele hakutegemei tena waliosimama.

Katika miaka ya 2013 na 2014, huko Walt Disney World, Florida, vikaratasi vilibadilishwa vikawa miadi ya kuwekwa kabla ya safari: siku 30 kwa watu wote, na siku 60 kwa wageni waliolala katika hoteli za kampuni. Fedha ikaanza kuingia kwa mlango wa uani, imevaa nguo za hoteli. Mwaka 2017 Disneyland ilitoza dola 10 kwa siku kwa mtu aliyetaka kuchukua miadi yake kwa simu ya mkononi. Maradhi ya korona yalifunga bustani mwaka 2020, na zilipofunguliwa FastPass ya bure haikurudi. Tarehe 19 Oktoba 2021 Florida ikaanza kuuza huduma iliyoitwa Genie+ kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. California ikafuata Desemba kwa dola 20. Mwaka uliofuata bei ikawa ya kupanda na kushuka kwa kadiri ya wingi wa watu. Mwaka 2024 jina likabadilishwa, na mwishoni mwa mwaka huo kikatolewa cheti cha juu kabisa, ambacho katika Magic Kingdom bei yake iliweza kufika dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, mbali na kiingilio.

Majina yastahili kuangaliwa na kila ajuaye kwamba lugha haifanyi kazi bure. Kinachouzwa kilipewa jina la umeme na, hadi mwaka 2024, la jini wa hadithi, vitu viwili vinavyokuja ghafula wala havidai sababu. Jina la upande wa pili lina mafunzo zaidi. Mstari wa kawaida ulikuwa hauna jina. Uliitwa foleni tu, kwa kuwa haukuwa na mwenziwe. Mlango wa pili ulipofunguliwa, ukapewa jina la Standby, neno la viwanja vya ndege, la abiria asiye na kiti ambaye huitwa ikiwa nafasi imebaki. Mtu amelipa kiingilio kamili, akaja na watoto wake, akasimama kwa heshima, na ubao wa mlangoni wamwambia kuwa yeye ni wa akiba. Hata katika Kilimanjaro Safaris, ambako mgeni hupita katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kilichoigwa sura ya Lamu, kuna milango miwili: wa haraka na wa kungoja. Neno lililotokana na wito wa kuvuta pamoja limeandikwa ukutani, na chini yake watu wanatengwa.

Sasa warudishwe walanguzi wa Beijing, maana hapo ndipo sura ya Sandel inapohitaji kutiwa nyongeza. Mlanguzi wa tikiti za daktari ni mtu wa nje. Hakujenga hospitali, hakupanga idadi ya madaktari, wala foleni si mali yake. Hujipenyeza katika uhaba alioukuta. Hospitali yaweza kumfukuza, na ikimfukuza haipotezi kitu. Mwenye bustani ni mtu wa namna nyingine. Yeye ndiye aamuaye vyombo vingapi vijengwe, wangapi waingie langoni, viti vingapi viende mlango gani, na kisha ndiye auzaye njia ya kuepuka matokeo ya maamuzi yake. Si lazima kudai kwamba anarefusha foleni kwa makusudi. Dai hilo lahitaji ushahidi, na hoja haliitaji. Yatosha kuona kwamba siku foleni zikiwa fupi bidhaa yake haina mnunuzi. Muuza mwavuli hupata faida mvua inaponyesha, lakini hana mamlaka juu ya mawingu.

Na bidhaa yenyewe ni mali ya nani? Mara nyingi huletwa mfano wa daraja la kwanza katika ndege, kwamba hapo pia mwenye fedha hustarehe na hapana alalamikaye. Mfano huo haufai. Kiti kipana ni cha kampuni, na abiria wa nyuma hafiki kwao kwa kuchelewa kwa sababu wa mbele amenyoosha miguu. Bustanini, dakika alizookoa mlipaji zimetoka kwa watu waliosimama ng'ambo ya kamba. Wao ndio waliozitoa, na katika biashara hiyo hawakuulizwa wala hawakupewa sehemu ya malipo. Ile hoja ya wachumi ya kuridhiana, ambayo Sandel anaijibu kwa kusema juu ya maskini na tajiri, ingaliweza kujibiwa kwa ufupi zaidi: aliyeridhia si yeye aliyetoa.

Jambo la mwisho ni zito kuliko fedha. Sandel amalizapo sura yake akumbusha kwamba soko na foleni si njia pekee za kugawa vitu. Kuna stahili, kuna haja, kuna kura. Bustani za Disney zimejaribu mbili kati ya hizo. Kwa upande wa haja, watu wenye ulemavu walikuwa na kadi ya kuwasaidia. Mwaka 2013 magazeti yalieleza kwamba matajiri wengine walikuwa wakikodi watu wenye ulemavu ili wapite pamoja nao, na kadi ikabadilishwa mwaka huo. Mwaka 2024, wakati mlango wa haraka ulikuwa umekwisha kuwa wa kuuzwa, masharti ya huduma hiyo yalikazwa, ikaelekezwa hasa kwa wenye matatizo ya ukuaji wa akili kama usonji. Kampuni ilikuwa na sababu zake, na udanganyifu ulikuwapo kweli. Lakini mlango ni uleule mmoja: apitapo mtoto mwenye usonji ndipo apitapo mlipaji. Maadamu mlango ulikuwa wa bure, mtoto yule aliongeza msongamano tu. Ulipotiwa bei, kila kiti apewacho kikawa kiti ambacho kingaliweza kuuzwa, na mama yake hujieleza mbele ya mtumishi wa kampuni yenye maslahi katika jibu.

Kwa upande wa kura, chombo kiitwacho Rise of the Resistance kilipofunguliwa Florida Desemba 2019, watu walikuwa wengi mno hata foleni haikuwezekana. Wageni walipewa makundi kwa simu ya mkononi, bure, kwa saa iliyotangazwa, na makundi yalijaa kwa dakika chache. Fundi wa magari na mkurugenzi wa benki walibonyeza kioo kwa kidole kilekile, na mara nyingi mkurugenzi alikosa. Septemba 2021 mpango huo ukasimamishwa. Mwezi uliofuata nafasi ya kupita haraka katika chombo hicho ikaanza kuuzwa peke yake, nje hata ya Genie+, na wasiolipa wakarudi kwenye mstari wa wanaongoja nafasi ikibaki.