Gome Halibanduliwi Kiangazi

Warina asali wa Goweko, mkoani Tabora, wanajua kwamba gome la mti wa miombo, la kutengenezea mzinga, hubanduliwa masika, mti ukiwa na maji. Kiangazi ukililazimisha, linapasuka, na mzinga umekufa kabla haujatundikwa. Fundi hashindani na mti, anafuata saa yake.

Mguu kifundo nao una masika yake: wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, kano zikiwa bado laini. Kati ya watoto elfu moja, takriban mmoja huzaliwa nao, unyayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda. Zamani upasuaji mkubwa ulizoeleka, na wengi waliopasuliwa walikua na miguu iliyokakamaa yenye maumivu. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Minorca aliyefika Iowa, Marekani, mwaka 1941, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ya mikono na plasta. Njia yake ndiyo inayofuatwa leo, Tanzania ikiwemo.

Mtazame mtaalamu. Mtoto ananyonya, maana akilia hukaza mguu. Dole gumba linatafuta kinundu cha mfupa mbele ya kifundo, upande wa nje, linatulia hapo kama egemeo. Mkono wa pili unasogeza sehemu ya mbele ya mguu kuelekea nje, taratibu, mpaka kano ziseme basi. Kisigino hakishikwi, ukikishika umekizuia kugeuka chenyewe. Inafuata pamba, kisha bandeji ya plasta iliyotoka majini, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa ili hogo, yaani plasta ikishakauka, lisichomoke. Plasta inapata joto ikianza kushika, na viganja vinatembea juu yake bila kutua mahali pamoja, visije vikaacha bonyeo litakalochubua ngozi. Vidole vinaachwa wazi: mama anabonyeza kimoja na kungoja rangi irudi.

Hogo la kwanza huwashtua wazazi, kwa sababu unyayo unaonekana kupinda zaidi, kama unatazama mbinguni. Haujaharibika. Lazima sehemu ya mbele ya mguu ilinganishwe kwanza na ya nyuma, ndipo mguu wote ugeuke kama kitu kimoja. Hogo hubadilishwa kila wiki, mara tano au sita hivi. Kwa watoto wengi, mwishoni kano ya kisigino hukatwa kupitia tundu dogo, na plasta ya mwisho hukaa wiki tatu.

Hapo ufundi unahamia nyumbani. Viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma huvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu, hadi mtoto afikishe miaka minne au mitano. Mguu ulionyooka bado unakumbuka ulikotoka. Ukiachiwa mapema, unarudi.

Mama wa Goweko aliyekuwa akimbeba mwanawe kila wiki kwenda Tabora mjini sasa ndiye fundi, tena kwa miaka. Jirani anamwambia, "Mtoto keshapona, unamtesea nini?" Hajibu. Kwenye mwanga wa tochi anaanza na mguu uliokuwa mbaya zaidi, anakunja goti, anakishusha kisigino mpaka kitue ndani ya kiatu, anakaza mkanda wa katikati. Anavuta kiatu kidogo kuhakikisha kisigino hakijapanda, kisha anageukia mguu wa pili.