Kabundi Hayumo Pichani: Hurafa, Shaba na Wachoraji wa Hangar

Mwaka 1567 kilichapishwa Bruges, mji ulio leo katika Ubelgiji, kitabu cha hurafa kwa Kiholanzi cha Flanders: De warachtighe fabulen der dieren. Tungo ni za Eduard de Dene, picha ni za Marcus Gheeraerts. Picha hizo, zaidi ya 100, zilichapwa kwa mabamba ya shaba. Bamba lilipakwa nta, mchoraji akaikwaruza nta kwa sindano, kisha asidi ikaila shaba pale tu ilipofichuliwa. Msomaji wa Kolwezi, anayeijua asidi na shaba kwa njia nyingine pale kiwandani Luilu, hahitaji kuelezwa zaidi. Mabamba hayo yalitumiwa tena Amsterdam mwaka 1617, safari hii yakiandamana na mashairi ya Joost van den Vondel.

Jambo hili la mwisho ndilo lenye uzito. Picha ileile iliweza kubadilishiwa maneno, lakini haikuachwa bila maneno. Gheeraerts aliwachora wanyama kwa maumbile yao. Simba wake ni simba. Anageuka mfalme kwa sababu ubeti ulio kando yake umesema hivyo. Pazia hilo lilikuwa na faida yake: mwaka uleule wa 1567 jeshi la Hispania chini ya Alba liliingia Brussels, na mwaka 1568 Gheeraerts akakimbilia Uingereza kwa ajili ya dini yake.

Msimulizi wa Kiswahili hahitaji ubeti wa kando. Simba awindaye na simba asemaye wote wawili “anakuja”. Upatanisho wa kisarufi umekwisha kumtia mnyama katika ngeli ya watu kabla hajafungua kinywa. Tena hurafa za Katanga zina kiambishi kinachofanya kazi isiyowezekana kwa sindano. Kalulu wa Wabemba na Kabundi wa Waluba wamebeba ka- ya udogo ndani ya majina yao. Kiswahili sanifu kimeipa kisogo ngeli hiyo, lakini Kiswahili cha Kolwezi na Lubumbashi kinasema “katoto” na “tutoto” bila haya yoyote. Anayetajiwa Kabundi amekwisha kuahidiwa, kwa silabi moja, kwamba mdogo atashinda.

Kwa msingi huo yafaa kuwatazama upya wachoraji wa Hangar, karakana aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, mwaka 1946. Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga wanastahili makala yao. Hapa anatosha Pilipili Mulongoy (1914–2007): nyoka kiotani, ndege na makinda, samaki, chui na swala, juu ya uwanja uliojaa nukta na mistari, usio na upeo wa macho. Kishawishi cha kuziita hurafa na kuziandikia funzo chini yake ni kikubwa, hasa darasani. Ni kosa. Nyoka wa Pilipili anakula, wala hahukumiwi. Mdogo haponi kwa hila, maana Kabundi hushinda kwa kauli, na picha isiyo na ubeti haina pa kumwekea sauti.

Romain-Desfossés aliwataka wanafunzi wake wasiige picha za Ulaya, wachore kutoka katika kumbukumbu na maumbile ya nchi. Sifa hiyo asinyimwe. Hata hivyo, kumbukumbu iliyoingia katika picha ilikuwa ya msitu na mto, si ya maongezi ya jioni. Na maongezi yalikuwapo. Kutoka Nzilo, ambako mto Lualaba ulikuwa ukizibwa kwa bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi kambi za wafanyakazi wa Kolwezi, watu wa lugha nyingi walikuwa wakikutana katika Kiswahili chini ya mabwana wa mgodi. Mahali kama hapo, mdogo amshindaye mkubwa hakuwa mchezo wa watoto tu. Anayemwandikia nyoka wa Pilipili funzo la kuazima anaufunika ukimya huo, naye mwanafunzi hapati tena nafasi ya kuuliza Kabundi alibaki wapi.