Mkalimani Msituni: Utetezi wa Filamu ya Tatu ya Star Wars

Filamu ya tatu kutolewa katika mfululizo wa Star Wars, Return of the Jedi, ilitoka mwaka 1983, baada ya zile za 1977 na 1980. Tangu hapo wapenzi wa mfululizo huo wamegawanyika juu yake. Wapo waionayo kuwa hitimisho lifaalo, na wapo wasemao kwamba iliishusha hadhi ya ile iliyoitangulia. Mashtaka yao makubwa ni mawili: kwanza, kwamba inarudia mambo ya filamu ya kwanza, pili, kwamba Dola yenye majeshi ya angani inashindwa na viumbe wafupi wenye manyoya, wapiganao kwa mawe na magogo. Makala haya yanakusudia kuitetea, na utetezi wenyewe unawahusu hasa wafasiri na wakalimani.

Shtaka la kwanza lina ukweli ndani yake. Nyota ya Mauti iliyoteketezwa katika filamu ya 1977 inajengwa upya, na inateketezwa tena. Lakini hapana budi tutofautishe marudio na mwendelezo. Marudio huleta tendo lile lile kwa maana ile ile; mwendelezo huweza kulileta tendo lile lile ili kulipa maana nyingine. Filamu hii ilitangazwa kwanza kwa jina lenye neno "kisasi". Kabla ya kutolewa, neno hilo liliondolewa na mahali pake pakawekwa "kurudi", kwa kuwa Jedi halipizi kisasi. Badiliko hilo ndilo ufunguo wa filamu nzima. Luke Skywalker, akiwa amekwisha kumshinda baba yake, anautupa upanga wake wa mwanga na kukataa kuua. Katika filamu ya kwanza ushindi wake ulikuwa kulipua. Katika hii ni kujizuia.

Tena jina lenyewe ni fumbo. Je, arudiye ni Jedi mmoja au ni wengi? Ni mwana, au ni baba aliyepotea? Kiingereza hakisemi. Mfasiri aandikaye "Jedi Amerudi" amekwisha kukata shauri kwa niaba ya mtazamaji, kwani upatanisho wetu wa kisarufi hauifichi idadi. "Kurudi kwa Jedi" huliacha fumbo kama lilivyo.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Hata hivyo, wanaoucheka ushindi wa Ewok husahau jinsi ulivyopatikana. Miujiza ya Luke iliwatisha, wakawafungua mateka wao kamba. Haikuwapa wageni wenzi wa vita. Kilichowapa wenzi ni masimulizi. Roboti C-3PO, ajivuniaye kujua namna zaidi ya milioni sita za mawasiliano, na ambaye katika filamu mbili za kwanza alikuwa aghalabu wa kuchekwa, anawasimulia usiku kwa lugha yao habari za vita tangu mwanzo, kwa maneno, kwa mikono na kwa kuigiza milio. Wakubwa kwa wadogo wanasikiliza. Masimulizi yakiisha, wageni wanapokewa kuwa watu wa kabila. Msaada wa vita wafuata baada ya hapo.

Isitoshe, jina "Ewok" halitamkwi na mhusika yeyote katika filamu hii. Twawajua viumbe hao kwa usemi wao kabla ya kuwajua kwa jina. Jambo hili si dogo kwa msomaji aliye Balangdalalu, wilayani Hanang, ambako Kidatooga, Kiiraqw na Kiswahili hukutana. Kwa muda mrefu Wadatooga wameitwa na wengine "Wamang'ati", jina lenye asili ya Kimaasai na lenye maana ya adui. Mtumishi aanzaye na jina hilo barazani amekwisha kuyaziba masikio ya wasikilizaji kabla mkalimani hajafungua kinywa.

Dosari ipo. Rubani msaidizi wa Lando, Nien Nunb, alipewa sauti na Mkenya Kipsang Rotich, aliyetumia maneno ya lugha za Kenya, Kikuyu kikiwamo. Maneno hayo yalitiwa ili yasikike kuwa ya sayari nyingine, na mara nyingi yameandikwa kuwa ni Kihaya cha Tanzania. Kwa asiyejua, lugha zetu zote ni mlio mmoja. Kwa ajuaye Kikuyu, yale ni maneno ya watu. Hapo filamu iliyomtukuza mkalimani ilimsahau. Lakini Lando humjibu rubani wake bila kumtaka abadili lugha, na safari haikwami.

Kwa hiyo, atakayeitia filamu hii Kiswahili asiwatilie Ewok Kiswahili vinywani. Na waseme kwao. Kiswahili kiwe kazi ya mkalimani, mahali pale pale filamu ilipomweka.