Myombekere: Nimempenda, Nimemchoka

Riwaya ya mzee Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ina kurasa zaidi ya 600 na mimi nimezimaliza zote. Natamka hivyo kwa sababu nashuku baadhi ya wanaoisifu wameishia kwenye jalada.

Mwanzo ni mtamu kwelikweli. Mtoto hapatikani, ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere angeweza kuoa mwingine, lakini wapi! Anamfuata huyohuyo, na ukweni wanamdai pombe ya ndizi. Hapo sikutaka hata kuitwa kula.

Halafu pombe inaanza kutengenezwa. Jamani! Hakuna hatua inayorukwa. Mgeni akifika, salamu zote zinaitikiwa hadi ya mwisho. Kulima, kuvua, kuagua, kuzika, vyote vimo, na wewe msomaji unangoja pembeni kama mkwe.

Lakini kumlaumu mzee naona vigumu. Aliuandika mswada kwa Kikerewe, akaumaliza mwaka 1945, ukakaa miaka bila mchapishaji. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980, naye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje afupishe?

Ugomvi wangu ni mwingine. Watoto tuliowangojea kwa hamu ile wakishazaliwa, hadithi inapoa. Bulihwali hasa namwona kwa mbali. Naambiwa anayofanya, anayowaza siambiwi. Tena kizazi kinafuata kizazi na Ukerewe ni ileile, maana hadithi imewekwa kabla ya wakoloni. Kitereza mwenyewe alizaliwa 1896, akasomeshwa na wamisionari, akaona Mjerumani akiondoka, na Mwingereza akija na kuondoka. Ningetoa chochote nimwone mjukuu wa Myombekere akirudi nyumbani na daftari la misheni kwapani, babu akimtazama.

Mnisamehe kwa ukali, nina maslahi yangu. Naandika riwaya ya ukoo, nimekwama kizazi cha pili. Nikiondoa mila, watu wangu wanakuwa wa popote. Nikiziweka zote, hawatembei. Juzi, baada ya kumfunga Kitereza, nilifuta kurasa nne za harusi. Asubuhi nikairudisha moja, ile ya bibi harusi anapokataa kula.